Usiku tuliomnyima mtoto maji

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka mitatu na uzito wa kilo 12 alipougua kipindupindu. Ilikuwa mwaka 2023, mtaani kwetu Mukuru kwa Njenga, Nairobi, miezi ile ambayo redio ilikuwa ikiutaja ugonjwa huo kila kukicha. Mkurupuko ulikuwa umeanza Oktoba 2022 na ulikuwa umeshafika Nairobi. Matangazo hayo niliyasikia nikikanda unga, kwa maana nilikuwa na kibanda cha chapati na maharagwe kando ya barabara. Sikuona yananihusu. Nilijua nanawa mikono, nafunika sufuria, nyumba yangu ya chumba kimoja naipiga deki kila asubuhi. Kipindupindu nilidhani ni ugonjwa wa watu wachafu.

Mtoto alipona. Natanguliza hilo ili usisome ukiwa na wasiwasi, halafu nikueleze nilivyokaribia kumpoteza kwa makosa ambayo karibu yote yalikuwa yangu, na ambayo mtu yeyote pale plotini angeweza kuyafanya.

Ilianza Jumamosi jioni, mwendo wa saa kumi na moja. Dada yake, Neema, alikuja kibandani akaniambia, "Mama, mtoto ameendesha." Nikamwambia ambadilishe nguo. Baada ya nusu saa akarudi: ameendesha tena. Nilipofunga kibanda na kufika nyumbani alikuwa ameshakwenda mara nne, na kilichokuwa kinatoka hakikuwa choo tena. Kilikuwa maji meupe, kama yale unayomwaga ukishaosha mchele, na harufu yake haikuwa ya choo cha kawaida. Nikampa maji nusu kikombe. Akayatapika yote juu ya gauni langu.

Nikampigia simu mama mkwe. Ni mtu mzima, amelea watoto saba, na katika nyumba yetu neno lake linasikilizwa. Akaniambia, "Usimpe maji, mwanangu, yanamwongezea. Liache tumbo likauke, litafunga lenyewe." Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na nilipoona yale maji yametapikwa nikaona amesema kweli: kinachoingia kinatoka, basi tusiingize.

Usiku kucha mtoto alikuwa akiniambia neno moja tu, "Mama, maji." Nilikuwa nachovya kitambaa kwenye kikombe, nakikamua, nampangusa midomo. Alikuwa anakinyonya kile kitambaa, anakishika kwa mikono miwili asikiache. Nilikuwa nakivuta taratibu hadi kimtoke mdomoni. Nilifanya hivyo mara nyingi sana usiku ule, nikiamini namsaidia.

Alfajiri sauti yake ilikuwa imekwisha. Analia lakini husikii kitu, na machozi hayatoki.

Jumapili asubuhi nikampeleka kliniki ya kibinafsi iliyo karibu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi, na kwa sababu niliogopa foleni ya hospitali ya umma. Nikiwa mkweli zaidi, niliogopa pia bili ya kulazwa. Kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati ule, nilikuwa nayo, ile ya shilingi 500 kwa mwezi, lakini nilikuwa sijalipa miezi saba. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na jambo: kodi ya nyumba, unga umepanda, kiatu cha shule. Kwa hiyo nilitafuta mahali ambapo nitalipa kidogo na kurudi nyumbani.

Pale kliniki hakuna aliyeniuliza mtoto ameendesha mara ngapi wala amekojoa lini mara ya mwisho. Alidungwa sindano, tukapewa antibayotiki ya maji na dawa ya kufunga choo, nikalipa shilingi 1,850. Sikupewa hata pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji ili kurudisha maji mwilini, na mimi sikujua niiulize. Leo najua kwamba dawa za kufunga choo hazifai kupewa mtoto mdogo anayeharisha, na kwamba swali la kwanza mhudumu yeyote anapaswa kukuuliza ni kuhusu maji mwilini mwake. Ukiona hulisikii swali hilo, uliza wewe: "Je, mtoto wangu amepungukiwa na maji kiasi gani?" Jibu litakuonyesha kama umefika mahali panapofaa.

Tulirudi nyumbani tukalala. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa ametulia. Nilidhani dawa imefanya kazi. Kumbe mtoto aliyekauka hutulia hivyo.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, Mama Otieno. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea pale mtaani, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na daftari. Miezi kadhaa baadaye, Septemba mwaka huo huo, Serikali iliwapa mikoba ya vifaa na posho, lakini siku ile alikuwa na daftari na moyo wake tu. Alipita saa kumi kuniletea pesa za chapati alizokuwa amechukua kwa deni. Akamwona mtoto kitandani, akaacha kuzungumza. Akamfunua tumbo, akabana ngozi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kunjo la kitambaa kibichi. Ilirudi polepole, nikawa naiangalia inavyorudi.

"Mama Neema," akasema, "huyu mtoto amekauka. Twende sasa hivi."

Nataka mzazi mwenzangu uyajue macho ya Mama Otieno, maana yeye aliona kwa muda wa kusoma sentensi moja kile ambacho mimi sikukiona siku nzima. Macho ya mtoto yameingia ndani. Mdomo umekauka na ulimi unanata. Analia bila machozi. Hajakojoa kwa saa nyingi. Ukibana ngozi ya tumbo inachelewa kurudi. Kwa mtoto mchanga, ule utosi laini wa kichwani hubonyea. Na akifika mahali amelegea, hataki hata kunywa, hakuna tena la kumfanyia nyumbani zaidi ya kuendelea kumpa kwa kijiko mkiwa njiani kuelekea hospitali.

Alikuwa na pakiti moja ya ORS nyumbani kwake. Akaikoroga, tukaita teksi, na ndani ya gari akawa anampa kijiko kimoja kimoja. Mtoto alitapika. Mimi nikasema, "Si umeona?" Akanijibu bila kunitazama, "Tunangoja dakika kumi, tunaanza tena polepole zaidi. Akitapika si yote yanatoka." Akaanza tena.

Hospitali ya kwanza tuliyofika ilikuwa ya kibinafsi, kubwa kidogo, kwa sababu ilikuwa njiani. Mezani wakatuambia tuweke shilingi 15,000 kabla ya daktari kumwona. Nilikuwa na 2,300. Niliwaonyesha mtoto. Yule dada wa mapokezi alimwangalia, akaangalia kompyuta, akarudia ile ile 15,000. Tukageuka. Sikujua wakati ule kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalifanya kosa kwa hospitali kukataa kumtuliza mgonjwa wa dharura. Siwezi kukuahidi kwamba ukisema maneno hayo mlango utafunguka. Lakini yaseme, kwa sauti, na uyaseme kwa msimamizi, si kwa mapokezi peke yake. Mimi niliondoka kimya, na ukimya ule nilijilaumu nao kwa muda mrefu.

Hospitali ya umma tulifika saa kumi na mbili na robo. Ile foleni niliyoiogopa siku nzima haikuwepo kwetu. Muuguzi mmoja alimwona mtoto akiwa bado begani kwangu, akauliza, "Choo kinafananaje?" Nikasema kama maji ya mchele. Akatupitisha moja kwa moja hadi wodi iliyotengwa. Mlangoni unakanyaga sifongo lililolowa klorini. Ndani kuna vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo yenye alama za lita, ili wajue mgonjwa anapoteza kiasi gani. Nilipoiona ile ndoo ikiwa na alama ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe. Jana usiku mwanangu alikuwa akipoteza maji ndoo kwa ndoo na mimi nilikuwa namrudishia kwa kitambaa.

Mishipa ilikuwa imesinyaa. Walimdunga mara nne kabla dripu haijakubali, na hakulia hata mara moja, jambo lililonitisha kuliko sindano zenyewe. Sista alinieleza hesabu yake akiwa anafungua ile dripu: mililita 100 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anadaiwa lita moja na mililita 200, na lazima ziingie ndani ya saa tatu, mililita 360 za kwanza katika nusu saa. Tangu kuharisha kwa kwanza hadi dripu ile zilikuwa zimepita zaidi ya saa 25.

Mwendo wa saa tatu usiku alifungua macho akaniangalia. Kisha akakojoa. Sista akaandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani: amekojoa, na saa. Nilimwomba anisomee tena. Baadaye kidogo mtoto akasema kwa ile sauti iliyokwaruza, "Maji." Nikamtazama sista kama mtu anayeomba ruhusa. Akanipa kikombe cha ORS na kijiko: "Mpe, mama. Hii ndiyo dawa yake. Antibayotiki tutampa dozi moja, lakini kinachomponya ni maji."

Nilimpa mpaka kikombe kikaisha. Nililia sana usiku ule, na si kwa furaha peke yake.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na kuna jambo moja nalifikiria mara kwa mara. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walimiminika India, na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya sukari, chumvi na maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia wagonjwa 30 kwa kila 100 vikashuka hadi chini ya wanne. Alifariki Oktoba 2022, mwezi ule ule mkurupuko wetu ulipoanza. Maarifa hayo yalikuwa na zaidi ya miaka 50, na yalikuwa hayajafika chumbani kwangu.

Kwa hiyo yachukue hapa kama huna. Pakiti ya ORS ndiyo bora. Mimi nanunua kwa shilingi 30 kwa kemisti wa mtaani, na huwa naweka nne nyumbani. Soma pakiti kabla ya kukoroga, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita nzima, na ukikosea kipimo unaharibu dawa. Ukikosa pakiti kabisa usiku wa manane, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa kidogo nusu kikombe hadi kizima. Anyonyeshwe, ale. Na uombe zinki dispensari: kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita. Mimi nilikuwa naacha dawa mtoto akishacheza, hii usiache.

Tulikaa wodini siku tatu. Matibabu ya kipindupindu pale hatukutozwa. Hata hivyo, nikijumlisha kliniki ile, teksi, nauli za mume wangu za kuja na kurudi, chakula na vitu vidogo vidogo tulivyotumwa kununua, nilitumia shilingi 6,400. Elfu tano kati ya hizo niliazima kwenye chama, kikundi chetu cha kuchangiana pesa. Mume wangu, kibarua wa Industrial Area, alikosa malipo ya siku nne. Nikadhani hesabu imeishia hapo.

Jumatano maafisa wa afya ya umma walikuja plotini. Walikuwa wawili, na mmoja alibeba kisanduku kidogo chenye vichupa vya kioo. Akaniuliza maji tunayapata wapi. Nikamwambia kwa kujiamini: tunanunua kioski, maji ya mfereji wa jiji, si ya kisima wala ya mto. Akasema, "Tuanze huko."

Kioskini alichota kichupa, akadondosha kidonge, akatikisa. Maji yakageuka waridi, hafifu lakini waridi. Akaeleza kwamba rangi hiyo ni klorini iliyobaki, mlinzi anayesafiri na maji. Tukarudi nyumbani. Akachota kutoka kwenye mpira wa keateka, msimamizi wa ploti, ule unaotuletea maji plotini siku za mgao. Akadondosha kidonge, akatikisa. Hayakubadilika. Kisha akachota kutoka kwenye dramu langu la bluu, lile nililokuwa nikilisugua kila Jumamosi. Akatikisa, akainua juu dhidi ya mwanga wa mlango ili nione vizuri. Meupe pe. Sikuwa na la kusema. Akaokota kikombe cha plastiki kilichokuwa juu ya mfuniko wa dramu, kile tunachochotea sote, wakubwa kwa watoto, akauliza kwa upole, "Hiki kinashikwa na nani?" Kinashikwa na kila mtu.

Tukafuata ule mpira. Sikuwa nimewahi kuufuata. Unatoka kwenye bomba kuu, unapita nyuma ya vyoo, unaingia kwenye mtaro wa majitaka na kulala humo mita kama ishirini pamoja na mipira mingine ya ploti jirani, yote imefungwa viraka vya nailoni. Nikauliza kama maji yanatoka kwa nguvu, uchafu utaingiaje. Akanieleza jambo ambalo kila mtu wa Nairobi anayeishi kwa mgao anapaswa kulijua: maji yanapokuwemo husukuma nje, lakini yakikatwa, bomba lililo tupu hunyonya. Popote penye tundu, linavuta kilicho kando yake. Siku ya mgao maji yanaporudi, yale ya kwanza ndiyo hubeba kilichonyonywa. Na sisi ndiyo hayo tuliyokuwa tukiyakimbilia, kila mtu na mtungi wake, kabla hayajaisha.

Fikiria safari ya maji hayo. Mengi yake yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa Ng'ethu, yanateremka hadi matangi ya Gigiri. Yote hayo yanafanyika sawasawa, na watu wenye elimu yao wanayapima. Halafu yanaharibika katika mita ishirini za mwisho, kwa mpira uliotoboka na kikombe cha plastiki.

Kibanda changu kilifungwa siku hiyo hiyo. Sikubisha. Nilitakiwa kupimwa upya na kupata cheti cha afya cha wapika chakula, kile kinachotakiwa kila miezi sita, na changu kilikuwa kimepitwa na wakati. Kwa wiki sita wauza chakula wa barabara yetu hatukuruhusiwa kupika. Nilikuwa napata faida ya kama shilingi 700 kwa siku. Ukihesabu siku za kazi ni zaidi ya shilingi 25,000. Hiyo ndiyo gharama iliyotuangusha, na ndiyo ambayo hakuna anayeihesabu. Lakini kilichoninyima usingizi ni wateja. Maharagwe yangu yalichemka saa nyingi, na chapati zinapita kwenye moto. Maji ya kunywa ya mezani, je? Yale ya jagi? Niliyatoa kwenye dramu lile lile. Sijui kama kuna aliyeugua kwa ajili yangu. Wengine siwajui hata majina.

Watu huniambia, si ungenunua tu maji safi? Nawaomba wapige hesabu nami. Mtungi wa lita 20 maji yakiwa mengi ni shilingi tano, yakikatika mkokoteni unakuletea kwa 20 na zaidi. Mitungi 50 ni mita moja ya ujazo. Kwa bei ya mkokoteni hiyo ni shilingi 1,000, na familia yenye mita ndani ya nyumba yake haifikishi hata robo ya hiyo kwa kiasi kile kile. Sisi tunaolipa ghali ndio tunaopata yaliyo machafu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walihesabu kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na maji ya kunywa yaliyo salama nyumbani. Hata chanjo ya kipindupindu ilikuwa adimu: Oktoba 2022 iliamuliwa kwamba watu wapewe dozi moja badala ya mbili wakati wa mikurupuko, kwa sababu hazikutosha dunia nzima. Nilipoyasoma hayo niliacha kuona aibu kwamba kipindupindu kiliingia kwangu. Hasira ndiyo iliyobaki, na hasira imenisaidia zaidi.

Nyumbani nilibadilisha mambo machache. Dramu lile sasa ni la kufulia. Maji ya kunywa yanakaa kwenye ndoo yenye kifuniko na mfereji wake chini, ambayo niliinunua kwa shilingi 650, na hakuna kikombe wala mkono unaoingia humo. Maji ya mgao nayaacha yatiririke kwanza, nayakinga kwenye beseni la kudekia, kisha ndipo najaza ya kunywa. Natia dawa ya klorini: ile ninayotumia ni kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, unakoroga, unasubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope nayachuja kwanza kwa kitambaa safi na kufuata kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwenye chupa. Mwanzoni watoto walilalamika yananuka. Nikayaacha usiku kucha kwenye ndoo iliyofunikwa, asubuhi harufu imepungua. Nilijaribu kuchemsha kila siku, nikashindwa. Gesi iliisha kabla ya mwezi. Kuchemsha ni kuzuri, maji yakishatokota vizuri yanatosha, ila chagua njia ambayo mfuko wako utaiweza hata tarehe 28.

Kuhusu bima, usirudie kosa langu. Tangu Oktoba 1, 2024 NHIF haipo tena, kuna SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kujiandikisha ni bure, unapiga *147# ukiwa na kitambulisho, na hakikisha umewaongeza watoto na mwenzi wako, maana kuna watu walijiandikisha wao peke yao na kujua hivyo wakiwa wodini. Ukishajiandikisha tu, huduma za dispensari na vituo vya afya vya msingi unazipata bila mchango. Kulazwa hospitalini ndiko kunakotaka uwe umelipa. Sisi wa kujiajiri unaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yako, kisha unakadiriwa asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na sisi ilitubidi tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Ilitushinda. Kwa hiyo kwenye chama tukaamua zamu: badala ya kununuliana sufuria na vikombe, kila mzunguko tunamlipia mmoja SHA ya mwaka. Tumebaki wanne ambao hawajafikiwa.

Ule mpira wa mtaroni bado tunauhangaikia. Tulichanga ploti tatu tukanunua bomba gumu la plastiki, fundi akalipitisha juu ya ukuta badala ya mtaroni, kwa shilingi 11,000. Ploti ya nne mwenye nyumba alikataa kuchanga, na mpira wake bado umelala pale. Tumepeleka barua mbili kwa ofisi ya wadi, zikiwa na sahihi za wapangaji 46. Hatujajibiwa. Tunaandika ya tatu, na safari hii tunaambatanisha picha.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, mlango wangu uligongwa. Alikuwa ni msichana wa chumba cha mwisho, ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wa kwanza. "Mama Neema, anaendesha na anatapika. Nimemnyima maji kwanza." Nilimkalisha kitandani, nikatoa pakiti na kijiko. Alimtazama mtoto anavyotapika kile cha kwanza, akanitazama mimi. Nikamwambia tungoje dakika kumi. Tulikuwa tunahesabu kwa simu yake. Kufikia adhana ya alfajiri alikuwa amekunywa vikombe viwili na robo na amelowesha nepi mbili, na saa mbili asubuhi tukaenda naye dispensari kuchukua zinki.